Jemadari Hakurudi Ngomeni

Siku niliyoachwa, niliachwa ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili. Sikuambiwa kwa mdomo wala sikuandikiwa ujumbe wa simu. Nilisoma mwenyewe, penseli mkononi, mezani kwangu kazini, na kwa jinsi mapenzi yalivyonifumba macho, nilipofika pale niliandika tu pembeni: "Hapa pana kosa la kivita. Tuongee."

Mimi ni mhariri wa vitabu. Kwa miaka sita nilihariri Taji la Chumvi, riwaya za falme za kubuni, zenye majeshi na ngome na waganga wa kuona mbali, ambazo watu wanazisoma mpaka chakula kinaungua jikoni. Aliyeziandika ndiye mwanaume niliyempenda. Nilimwita Mwandishi, kwa utani, naye aliniita Mkasi kwa jinsi nilivyomkata maneno. Tulianza kwa kugombana kuhusu sura ya kwanza ya kitabu cha kwanza. Yeye aliitaka dhoruba, mimi nikaifuta dhoruba. Kitabu kilipotoka, hakuna kati yetu aliyeweza kumaliza siku bila kusikia sauti ya mwenzake.

Vita vyote vya vitabu vile vilipiganwa sebuleni kwa baba yangu mdogo. Baba Mdogo alikuwa sajini wa stoo jeshini kwa miaka ishirini na miwili. Hajawahi kuua mtu, lakini anajua jeshi linakula nini, linalala wapi na linachakaza viatu vingapi. Jumapili mchana Mwandishi alikuwa anakaa kwenye zulia la Baba Mdogo, daftari magotini, vifuniko vya soda vimepangwa mbele yake kama vikosi, anauliza: "Baba Mdogo, farasi mia tano wanakunywa maji kiasi gani kwa siku?" Mzee anavua miwani, anapiga hesabu, anajibu. Mimi nawaletea chai na kuwatazama. Nilimpenda zaidi pale, amekunja miguu kama mtoto wa shule, kuliko nilivyompenda akiwa jukwaani anapigiwa makofi.

Kwao hali ilikuwa nyingine. Mama yake hakunipenda, na hakuwahi kunikosea adabu hata siku moja, ndiyo maana sikuwa na pa kumshitaki. "Karibu mwanangu, pole na kazi, kaa hapa penye upepo." Kisha anaingia jikoni na mwanawe, mlango wazi, na sauti yake haikushuka hata kidogo: "Mwanamke ameshazika mume mmoja. Amekuzidi miaka mitatu. Wewe unakimbilia nini?"

Ni kweli nilizika mume. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na ugonjwa wa ini ulimmaliza kwa miezi minne. Sikumficha mtu hilo. Mwandishi alikuwa anatoka jikoni na uso wa mtu aliyemwagiwa maji, ananishika bega, ananiambia, "Usimsikilize. Kitabu kikiisha tu, Mkasi, tunafunga ndoa." Kitabu kikaisha. Kikaja cha pili. Vikaisha vinne.

Cha tano alikiandika peke yake. Kwa miezi kumi hakunionyesha hata ukurasa. "Nataka nikushtukize," alisema. Halafu mswada ukaja kwa bahasha, umeachwa mapokezi, utadhani sisi ni watu wa kuandikiana barua za kiofisi. Ningekuwa na akili zangu timamu ningenusa kitu hapo hapo. Nikabeba bahasha, nikapanda nayo ngazi, nikaifungua kwa furaha.

Niwaeleze kilichokuwemo, maana bila hicho hamtaelewa tulichogombania.

Shujaa wa vitabu vile ni Jemadari. Mke wake ni Bibi wa Ngome, mwenye funguo zote na ramani zote. Kwa vitabu vinne Jemadari hakusogeza hata mkuki bila kumuuliza mkewe. Sasa kwenye kitabu cha tano adui anashuka kutoka kaskazini, na Jemadari anafanya nini? Anachukua askari elfu nne, jeshi lote, anakwenda nalo kusini kulinda kivuko cha mto. Ngome anamwachia mkewe na walinzi sitini, wengi wao majeruhi. Adui anaizingira. Bibi wa Ngome anajitetea siku tisa na wapishi na mafundi viatu, mwishowe anachoma ghala la nafaka ili adui asile, na yeye anafia humo. Jemadari analia kurasa mbili. Sura inayofuata anamwoa binti wa mfalme wa kusini, ambaye kwa bahati nzuri yuko pale pale kivukoni.

Nilisoma nikakunja uso. Nikarudia. Jumapili nikauchukua mswada nikampelekea Baba Mdogo.

Alisoma toka saa nane hadi saa kumi na moja bila kuniongelesha. Alipomaliza alizipanga karatasi vizuri, akaweka mikono juu yake.

"Mwandishi wako ameugua?" aliuliza.

"Ni kosa tu, Baba Mdogo. Alikuwa peke yake, hakuwa na wa kumuuliza."

"Hili si kosa."

"Ngome imeachwa wazi! Jeshi zima limekwenda kulinda maji!"

"Nimeona. Mwanangu, mimi nimekagua stoo maisha yangu yote. Mtu anayekosea hukosea ovyo ovyo, huku kazidisha, huku kapunguza. Huyu kila palipokuwa na njia ya kurudi, ameiziba. Kila mahali. Huo ni mpango." Alinitazama kwa huruma ambayo sikuitaka. "Muulize yeye. Muulize taratibu, umsikilize anavyojibu."

"Nimuulize nini?"

"Kile ambacho ungemuuliza askari aliyekimbia zamu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumanne Mwandishi alikuja ofisini saa nne asubuhi. Tulikaa chumba kidogo cha mikutano, kile chenye dirisha linalotazama paa la karakana yetu ya uchapaji. Alikuwa amekonda. Alinyoa ndevu, na bila ndevu alifanana na picha yake ya ujana iliyoko ukutani kwa mama yake. Aliponiona alisimama, akataka kunikumbatia, kisha mikono yake ikabadili mawazo njiani na kushika kiti. Niliona. Moyo ukaniambia kitu, nikauambia unyamaze.

"Umependa?" aliuliza.

"Kifo cha Bibi wa Ngome ndicho kitu kizuri kuliko vyote ulivyoandika."

Macho yake yaling'aa. "Kweli, Mkasi?"

"Kweli. Ila kabla ya kufa pana matatizo. Twende polepole?"

"Twende." Alivuta kiti. Kwa dakika moja tulikuwa sisi wa zamani, vichwa viwili juu ya karatasi moja, na harufu ya sabuni yake ile ile ikanipanda puani nikasahau swali la kwanza. Ilibidi nilisome.

"Kivuko cha kusini. Kwenye kitabu cha tatu ulisema mvua zikinyesha hakivukiki, hata mashua haipiti. Sasa hivi ni majira ya mvua. Mvua inanyesha toka sura ya pili. Askari elfu nne wanalinda nini?"

Alijikuna shingo. "Adui angeweza kuja na mbinu mpya."

"Ana mbinu mpya?"

"Hana. Lakini Jemadari hajui kwamba hana."

"Anajua. Sura ya sita wapelelezi wanamwambia adui yuko kaskazini, wote, na wamewahesabu. Anawashukuru, anawapa mvinyo, kisha anakwenda kusini."

"Mkasi, wasomaji hawasomi kwa ajili ya vivuko."

"Wasomaji wako walikuandikia barua mia moja kuhusu farasi mmoja aliyebadilika rangi."

Akatabasamu, lakini tabasamu halikufika machoni. Niligeuza karatasi.

"Mganga wa bakuli. Yule bibi anayeona mbali ndani ya maji. Kitabu cha pili aliona meli ikizama mwendo wa siku nne. Sasa yuko hema moja na Jemadari, bakuli lipo, maji yapo, mto mzima uko mlangoni! Ngome inaungua mwendo wa siku moja tu kwa farasi, na haoni kitu?"

"Amezeeka."

"Ukurasa wa mia mbili na themanini anamwona binti mfalme akivuka mlima, na anahesabu mpaka shanga za shingoni mwake."

Chini, mtambo wa karakana ulikuwa unapashwa moto, na meza ikatetemeka kidogo chini ya viwiko vyetu.

"Swali lingine," nikasema. Nilikuwa bado mhariri. Naapa nilikuwa bado mhariri. "Amri ya kwenda kivukoni. Imetoka kwa nani?"

"Kwa Malkia Mama."

"Mama yake Jemadari."

"Ndiyo."

"Tangu lini Malkia Mama anapanga vita? Vitabu vinne anafuma tu na kulalamika mgongo. Hajashika hata ramani. Leo anamwambia mwanawe aiache ngome na aende kusini, na mtu aliyeshinda vita saba anaitikia 'Ndiyo, Mama' na kufungasha?"

Alikuwa anatazama mikono yake, na masikio yake yalikuwa yamewaka. Namjua mtu yule. Masikio yake yanawaka pale tu anaposema uongo au anapotaka kulia.

Nikasikia sauti yangu ikiendelea, taratibu, kama alivyoniagiza Baba Mdogo.

"Ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili. Siku ya tatu mjumbe anafika kivukoni na barua ya mkewe. 'Tumezingirwa. Njoo.' Maneno mawili. Jemadari ana askari elfu nne wamekula wameshiba, ana farasi, njia kavu ipo kwa sababu mjumbe amepita nayo. Ngome inasimama siku sita nyingine. Siku sita! Angeweza kwenda na kurudi mara tatu. Haendi. Na hujaandika kwa nini. Umeandika, 'Jemadari akautazama mto,' kisha sura inaisha."

"Nilitaka msomaji ajiulize."

"Nimejiuliza. Wiki nzima nimemtafutia sababu. Nikasema labda amerogwa, ukurasa upo unaosema hajarogwa. Nikasema labda ni mgonjwa, anacheza ngoma na binti mfalme. Nikasema labda barua ni ya kughushi, lakini anautambua mwandiko wa mkewe. Nimemtetea huyu mtu kuliko nilivyowahi kumtetea mtu yeyote. Sasa niambie wewe uliyemuumba. Kwa nini harudi?"

Alinyanyua uso. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na hapo ndipo nilipoelewa. Sikuambiwa. Nilielewa kama unavyoelewa daktari anapofunga mlango kabla ya kuzungumza.

"Hataki kurudi," nikasema.

"Mkasi..."

"Hataki tu. Hakuna mto wala amri. Hataki."

"Wajomba walikwenda Jumamosi," alisema kwa sauti ndogo.

"Walikwenda wapi?"

"Kwao."

"Kwao nani?"

"Binti wa rafiki yake Mama. Walipeleka posa. Imepokelewa."

Ajabu ni kwamba sikupiga kelele. Nilifikiria kitu cha kipuuzi kabisa, kwamba Jumamosi nilikuwa saluni, nikasuka nywele kwa ajili yake, saa nne nzima, na msusi akaniambia zitadumu mwezi.

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na nne. Lakini si hoja ya miaka..."

"Ni hoja ya nini?"

"Mama alianguka mwezi wa tatu, presha. Akiwa kitandani akanishika mkono. Akasema hataki kufa bila kuona mjukuu."

"Na mimi nilikwambia sizai?"

"Hukusema. Lakini yeye anaona..."

"Najua anavyoona. Nimemsikia akiona kwa miaka sita, jikoni, mlango wazi. Nakuuliza wewe. Alipokuambia habari za huyo binti, ulikataa hata mara moja?"

Akafuta uso kwa kiganja. "Nilinyamaza."

"Ulinyamaza."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia! Miezi kumi nimetafuta. Kila nikija na nia, nakukuta umekaa na Baba Mdogo mnanihesabia mikate ya askari wangu. Nitaanzaje? Nifungue mdomo niseme nini? Nikaona niandike. Nikiandika huwa napata ujasiri."

"Kwa hiyo ukaniandikia kitabu."

"Nilimpa kifo kizuri," alisema, na Mungu anisamehe, alisema kwa matumaini. "Nilitaka watu wote wajue alikuwa mkubwa kuliko wote. Kuliko hata Jemadari. Umeona mwenyewe. Nililia nikiandika."

"Umenizika vizuri, asante. Kurasa kumi na nne, na moto. Lakini mimi nimeshazika, Mwandishi. Najua maziko. Mume wangu aliniacha kwa sababu pumzi ilimwishia, na mpaka dakika ya mwisho alinishika kidole. Wewe pumzi unayo. Miguu unayo. Ulikuwa mwendo wa siku moja."

Alinyoosha mkono juu ya meza. Niliutazama ule mkono. Najua kila kitu juu yake, kovu la kisu cha karatasi, kucha ya kidole gumba aliyozoea kuitafuna akifika sura ngumu. Nilitamani kuushika. Nasema ukweli, hata pale, hata baada ya wajomba na posa, mwili wangu wa kijinga ulitaka kuushika. Niliweka penseli kati yetu, nikaurudisha wangu mapajani.

"Unampenda?" niliuliza.

"Sijui. Ni msichana mpole. Nimeonana naye mara tatu."

"Na mimi?"

"Wewe unajua."

"Sijui. Ningekuwa najua nisingeandika 'kosa la kivita' pembeni mwa karatasi."

Alilia. Alilia kimya, mabega yakitikisika, kama Jemadari wake, na mimi nilikaa nikisubiri amalize, maana mswada ulitakiwa karakana kabla ya saa nane mchana na hakuna mtu mwingine wa kuupeleka. Alipopata sauti alivuta karatasi ile, mia tatu na kumi na mbili, akaiweka mbele yangu.

"Naomba kitu kimoja," alisema. "Najua sistahili. Nisaidie hapa. Watanirarua. Umeona mwenyewe, hakuna mantiki."

"Unataka nikurekebishie?"

"Ni sentensi moja tu. Mjumbe asifike. Auawe njiani, au daraja lichukuliwe na maji. Jemadari asijue. Akija kujua, ngome imeshaanguka. Basi. Anabaki... anabaki mtu mwema."

Ilikuwa kweli. Ni sentensi moja. Nimefanya kazi hii miaka kumi na mitatu, na niliiona pale pale, imekamilika: Mjumbe aliteleza darajani, na barua ikachukuliwa na maji. Maneno manane, na elfu nne wote wana udhuru, Malkia Mama ana udhuru, Jemadari anaoa kwa amani na wasomaji wanamlilia. Nilichukua penseli. Nilimwona akivuta pumzi kama mtu aliyefunguliwa mkanda.

Nikaandika mahali pengine, chini ya mjumbe anayepiga magoti, kabla ya mto. Nikamgeuzia karatasi asome.

Jemadari aliisoma barua mara mbili. Aliielewa mara ya kwanza.

Nilitaka imchome. Nakiri. Nilitaka nione uso wake ukivunjika. Alisoma midomo ikicheza kidogo, akasoma tena, kisha nikaona kitu kikipita machoni mwake ambacho nilikuwa nimekijua na kukipenda kwa miaka sita, ule mwanga wa kitoto unaomjia sentensi inapokaa sawa.

"Mkasi," alisema polepole. "Hii ni nzuri sana."

Nilitazama paa la karakana.

"Hapana, kweli. Hii ndiyo ilikuwa inakosekana! Sasa haina tundu tena. Anajua, anaelewa, na haendi. Watamchukia. Watamchukia lakini hawataacha kusoma." Alikuwa amesahau machozi mashavuni. "Tuiache. Tuiache hivi hivi."

Kwenye kampuni yetu, ukurasa ukibadilishwa mwandishi na mhariri wote wanatia saini pembeni. Alitia yake, ile saini kubwa anayowatilia mashabiki vitabuni. Mimi nikatia yangu chini yake. Watu wengine wanatia saini vyeti vya ndoa. Sisi tulitia ile.

Alisimama, akafunga kifungo cha koti. Mlangoni akageuka.

"Kuna cha sita," alisema, na akapata haya, lakini alisema. "Mkataba unasema vitabu sita. Sijui kama... Utaendelea kunihariri?"

Nilimtazama vizuri. Nilimtafuta yule wa kwenye zulia, mwenye daftari magotini, nikamwona kabisa, alikuwa yeye yule yule. Ndicho kilichoniuma. Hakuna aliyembadilisha.

"Mwambie Malkia Mama akupangie vita," nikasema. "Kwa heri."

Alisimama kidogo, akingoja labda nimwite. Nilikuwa nahesabu kurasa. Mlango ulipofungwa nilifika hamsini na tatu, nikagundua sikumbuki kama nilianzia moja, nikaweka kichwa juu ya mswada na kulia mpaka karatasi ya juu ikajikunja. Ilibidi niichape upya.

Simu ya Baba Mdogo ikaita. Nilipokea, hatukusalimiana.

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza."

Nilisikia redio yake nyuma, mtu anatangaza mpira.

"Akija hapa," alisema mwishowe, "viatu vyake atavivulia nje, na nje ndipo atakapokaa. Wewe njoo. Usipite kokote. Njoo."

"Nimalize kazi kwanza, Baba Mdogo."

"Kazi yake?"

"Kazi yangu."

Saa nane kasoro nilishuka karakana na mswada kifuani. Fundi wa mtambo ni mwanamke mnene wa makamo, mikono yake ina wino mpaka kwenye viwiko, na vitabu vyote vya Taji la Chumvi amevisoma akiwa anavichapa, karatasi kwa karatasi, kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliupokea mzigo kama anapokea mtoto mchanga.

"Cha tano hiki? Dada, usinimalizie utamu. Nijibu moja tu." Alisogea karibu, akashusha sauti ingawa mtambo ulikuwa unanguruma. "Dada yangu alisikia Jemadari anatoka ngomeni. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Anamwacha mkewe?"

"Anamwacha."

"Lakini anarudi?"

"Hakurudi."

Akatoa macho. "Alizuiwa na nini?"

"Hakuzuiwa."

"Haiwezekani." Aliweka mzigo mezani, mikono kiunoni, amekasirika kweli kweli, kama vile habari ni ya ndugu yake. "Lazima kuna kitu. Mto ulijaa. Alifungwa. Mtu aliyempenda yule mwanamke vile, vitabu vinne, hawezi tu kukaa huko. Mwambie yule mwandishi wako atafute sababu, sisi tunasoma, sisi si wajinga."

"Sababu nimeitafuta mimi mwenyewe," nikamwambia. "Haipo."

Alinitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini hasira ilimtoka. Hakuniuliza tena. Alivuta kigoda kwa mguu, akakiweka upande wa mtambo ambako hakuna watu wanaopita, akakifuta kwa kitambaa chake chenye wino.

"Kaa hapa," alisema. "Mimi naandaa bamba la kuchapia. Itachukua muda."

Nikakaa. Ilichukua muda. Karatasi ya kwanza ilipotoka aliniletea ikiwa bado na joto, akainyoosha mbele yangu, na kwa kuwa kuikagua karatasi ya kwanza ni kazi ya mhariri, niliisoma yote, nikaona haina kosa, nikaitia saini, nikamwambia aendelee.